Mkono Unaokaa

Kwa nje nyumba hii ina urefu wa dhiraa arobaini na nne. Hilo halina ubishi; nimelipima mara tatu. Kwa ndani ina dhiraa thelathini na nane na ushei. Hilo nalo nimelipima mara tatu, na mara ya tatu nilijikuta natamani nikosee, jambo ambalo mpimaji hatakiwi kulitamani wala kuliungama.

Dhiraa ni mkono: kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Mkono wa nani? Hapo ndipo watu huanza kukohoa na kutazama pembeni. Ukimwuliza fundi, atakwambia mkono ni mkono. Ukiiuliza Ofisi ya Vipimo, itakuonyesha fimbo ya shaba iliyotundikwa nyuma ya kiti cha mkuu. Kila mpimaji hupewa nakala ya fimbo hiyo siku anayoapishwa, na siku hiyo hiyo hukatazwa kupima kitu chochote kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nina miaka ishirini na miwili sijui mkono wangu una urefu gani. Nafungia nao vifungo, nalia nao wali, lakini kwa upande wa vipimo ni kama sikuzaliwa nao. Mara nyingine, nikiwa peke yangu kwenye nyumba za watu, hujiuliza mtawala hasa ni nani: ni yule mwenye askari, au ni yule ambaye mkono wake, zamani sana, siku moja asiyoikumbuka, uliwekwa juu ya ubao na mtu akapiga mstari? Askari huzeeka. Mstari haukuzeeka.

Mji huu hauna jina. Lilikuwapo, likapelekwa kusahihishwa, halijarudi, nasi tumezoea. Sheria yake ya majumba ina sentensi tatu. Nje itapimwa kwa mkono uliojenga. Ndani itapimwa kwa mkono unaokaa. Nyumba ambayo ndani yake haiifikii nje yake imeficha, na palipofichwa patavunjwa. Sentensi ya kwanza na ya tatu tunazitumia kila siku. Ya pili imekufa kwa uvivu wetu, kwa sababu kupita nyumba hadi nyumba kumshika kila mwenyeji mkono ni kazi ya kuchosha. Kwa hiyo fimbo hupima nje, na fimbo hiyo hiyo huingia ndani, na hakuna aliyewahi kulalamika kwa maandishi.

Nilibisha hodi baada ya adhuhuri. Aliyenifungulia ni Bi Zuena, mkaazi wa mwisho wa nyumba, mwanamke mwembamba wa miaka sabini na kitu, amejitanda kanga, vidole vya mkono wa kulia vimekunjika kwa baridi yabisi. Alinitazama kama anayetazama mtu aliyekwenda sokoni akakawia.

“Umerudi,” alisema.

“Shikamoo, bibi. Mie sijapata kufika hapa.”

“Marahaba. Nyote husema hivyo hivyo. Ingia, vua viatu, sakafu nimeipiga deki sasa hivi.”

Kwenye kizingiti, ndani ya chokaa, palikuwa na mchoro mfupi ulionyooka, umechimbwa kwa ncha ya msumari. Huo ni mkono wa Shali, babu yake Bi Zuena, aliyeijenga nyumba. Niliilaza fimbo ya Ofisi juu yake. Vililingana, hata unywele haukupita. Bi Zuena aliuona mshangao wangu akacheka kidogo. Ofisi ya Vipimo, alinieleza, ilipoanzishwa haikuwa na jengo. Ilipanga sebule ya nyumba hii miaka saba. Walipohama walichukua meza zao, viti vyao, na nakala ya mstari wa mlangoni. Kwa hiyo mji mzima, makaburi yake, mitaro yake, mashuka yake na jela yake, vyote vimepimwa kwa mkono wa mzee mmoja aliyekuwa anatafuta tu mlango utoshe kupitisha mtungi. Nilikaa kwenye baraza la ndani kidogo. Sikuwa nimechoka, ila nilihitaji kukaa.

Kisha nikaanza kazi, na historia ya nyumba ni hii.

Shali alijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari akaiezeka kwa boriti za mikoko. Mkoko ulionyooka hauwi mrefu sana, na chumba hakiwezi kuupita mti unaokifunika. Ndiyo maana vyumba vyote vya nyumba hii ni virefu na vyembamba. Watu waliozaliwa humu, wakalala humu, wakanuniana humu, wote wamefanya hivyo ndani ya upana wa mti mmoja, na sidhani kama kuna aliyeuliza kwa nini fikra zake hugonga ukuta upande huu na huu. Walidhani ndio upana wa fikra.

Sebule ipo mbele, na katika sebule wakati hausogei. Wapangaji wote wamo. Nilimkuta fundi cherehani akitia vifungo kanzu ya mtu aliyekufa kabla ya mimi kuzaliwa, na mwalimu wa chuo cha Kurani na watoto wake kumi na tisa wakisoma kwa sauti, na karani wa serikali iliyodumu miezi minane, bado anapiga mihuri. Ilinibidi nimwombe karani ainue miguu ili fimbo ipite. Aliinua bila kunitazama. Kwenye kidaka cha ukutani palikuwa na daftari la wapimaji waliotangulia. Nililifungua. Mwandiko ulikuwa wangu, ukurasa baada ya ukurasa, na tarehe za kwanza zilikuwa za zamani kuliko mama yangu. Nililirudisha mahali pake. Wapimaji wote tuna mwandiko mmoja, nilijiambia. Tumefundishwa na mwalimu mmoja.

Baada ya sebule kuna ua, na baada ya ua vinaanza vyumba vya ndani, kimoja nyuma ya kingine, milango imepangwa mstari mmoja. Nyumba hii ilikua kwa nyuma. Desturi yao ilikuwa kwamba binti akiposwa, baba huongeza chumba, kama mtu aongezavyo ukili kwenye mkeka, na mume huja kukaa humo. Chumba cha kwanza ni cha Bwana Mahfudhi, mwana wa Shali na baba wa mabinti watatu. Cha pili ni cha Tamima, binti mkubwa. Humo ilikuwa bado siku ya harusi yake. Udi ulikuwa unafuka na mtu alikuwa anatafuta kiatu. Cha tatu ni cha Ruzuna. Ruzuna alikuwa anajifungua kwenye kona moja na anaoshwa maiti kwenye kona nyingine, na kila kundi la wanawake lilikuwa linapishana na jenzake kwa adabu, likiazimana mabeseni. Nilipima, nikaandika, nikapita. Mtu akiwa na fimbo mkononi hupita mahali pengi bila kuulizwa, na bila kujiuliza pia.

Baada ya chumba cha Ruzuna palikuwa na ukuta mweupe, na hapo kipimo cha ndani kiliishia. Thelathini na nane na ushei. Nyuma ya ukuta ule, kwa hesabu ya nje, palibaki dhiraa tano na ushei, kiasi cha chumba chembamba. Niliweka sikio. Upande wa pili mtu alikuwa anafagia kwa fagio la chelewa, polepole, kwa mkono wa aliyezoea.

“Nani yumo?” niliuliza.

Bi Zuena alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha kahawa. “Andika kwanza mengine,” alisema.

Safu ya mwisho ya fomu yetu inauliza idadi ya wakaazi. Niliandika: mmoja. Aliusoma ule wino juu ya bega langu, akanipa kahawa.

Kisha alinisimulia, na naandika alivyosema.

“Nilikuwa mdogo wao. Nikaposwa, na baba akajenga. Chokaa alichoma mwenyewe. Akachonga daka la kitanda, lile pango la ukutani linaloingia kitanda sawasawa, pasibaki hata pa kupitisha kidole. Kwetu daka hufanywa upande wa mke, kitanda hutoka upande wa mume. Wakaambizana: dhiraa nne. Wakapeana mikono, wakala halua. Siku ya kuleta kitanda, wabebaji sita, mtaa mzima uko nje. Kikaingia sebuleni, kikavuka ua, kikaja mpaka hapo. Hakiingii dakani. Kimezidi vidole vinne.”

“Kwa nini?”

“Kwa nini! Wao wamepima kwa mkono wa baba yao, baba yangu kapima kwa mstari wa mlangoni. Nne zao si nne zetu. Baba akasema, kateni kitanda. Baba mkwe akasema, chimbeni ukuta. Baba akasema, mkono wa baba yangu ndio unaopima mji huu, wa kwenu unapima nini? Basi. Mwenzake akaona katukanwa mzazi. Kitanda kikageuzwa, kikatoka kilivyoingia, miguu mbele.”

“Kwa vidole vinne.”

“Kwa vidole vinne, mwanangu. Hivi hapa.” Alinionyesha vidole vyake vilivyokunjika. “Nilimwambia baba, nitalala chini, nitandikieni mkeka tu. Hakunisikia. Wiki ile ile mlango ukazibwa kwa mawe.”

Nilitazama ukuta. Ulikuwa umepakwa chokaa mara nyingi sana, tabaka juu ya tabaka, na haukuonyesha palipokuwa mlango.

“Sasa nani anafagia?”

“Mimi,” alisema, bila kutia mkazo wowote. “Yule aliyeolewa. Kitanda kiliingia kwake. Ana watoto wanne, wa tatu mtundu, utamsikia alasiri. Mumewe alikuja kuwa mkali, kisha akalainika. Wakati mwingine humsikia analia, nikafurahi kuwa niko huku. Wakati mwingine humsikia anacheka.” Hapo ndipo sauti yake ilipobadilika. “Usiwaache wavunje. Naogopa sana. Wakivunja watakuta chumba kitupu, mavumbi na daka. Ukuta ukiwa mzima, yumo. Ukitobolewa, hakupata kuwamo hata siku moja, na mie nitakuwa nimekaa miaka yote hii mbele ya mavumbi.”

Nyumba nyingi zimevunjwa kwa maneno yangu. Sijawahi kubeba nyundo. Mimi huandika namba, na namba hutembea zenyewe mpaka kwa watu wenye nyundo. Hilo limenipa usingizi mzuri. Lakini namba ya nyumba hii nilikuwa nimekwisha kuituma Ofisini kwa tarishi, nilipomaliza kupima mara ya tatu na kabla sijaweka sikio ukutani, na sasa nilisikia viatu sebuleni.

Ilikuwa ni Bwana Faki, mkaguzi wangu, na mafundi wawili wenye nyundo. Bwana Faki si mtu mbaya. Ni mtu anayependa mambo yaishe.

“Hapa?” aliniuliza, akiugonga ukuta kwa kidole.

“Hapo.”

“Samahani, bibi. Utupishe kidogo, vumbi litakuwa jingi. Kazi ni kazi.”

Bi Zuena hakupisha. Hakumtazama mkaguzi, alinitazama mimi. Alinitazama kwa subira ya mtu aliyekwisha kulisema neno na sasa anangoja mwingine alikumbuke. Na mimi, niliyekariri sheria miaka ishirini na miwili, niliisikia sentensi ya pili ikipanda kooni kama kitu cha mtu mwingine.

“Bwana Faki,” nilisema, “kipimo changu kina kasoro.”

“Kasoro gani? Umepima mara tatu.”

“Nimepima ndani kwa mkono uliojenga. Sheria inasema ndani itapimwa kwa mkono unaokaa.”

Mafundi walishusha nyundo zao chini, si kwa hofu, ila walijua maneno yakianza kazi husimama. Nilimwona Bwana Faki akiipitia sheria moyoni, akitafuta mahali sentensi ile ilipofutwa, asipaone.

“Hakuna anayefanya hivyo,” alisema.

“Hakuna. Lakini imeandikwa.”

“Haya,” alisema hatimaye, na kuangalia saa. “Bibi, utaweza?”

“Nitaweza,” alisema Bi Zuena.

Alikwenda mpaka mlango wa mbele. Akapiga magoti, akaikunja kanga begani, akalaza mkono wake wa kulia sakafuni, kiwiko kimegusa ukuta wa kizingitini. “Moja,” alisema. Akaweka kidole cha kushoto mahali kidole chake cha kati kilipoishia, akasogeza kiwiko. “Mbili.” Tulimfuata watu wanne, bila viatu. Sebuleni fundi cherehani alisimamisha gurudumu. Watoto wa chuo waliacha kusoma. Karani aliinua miguu kabla ya kuombwa. Kwenye ua alipumzika mara moja, jasho linamtoka, na fundi mmoja akataka kumshika, akamkatalia kwa kichwa. “Ishirini na moja.” Kwenye chumba cha baba yake hakuinua macho. Kwa Tamima alipita chini ya udi. Kwa Ruzuna wanawake wa kuzalisha na wanawake wa kuosha walimpisha, na mmoja wao akamfuta uso kwa upindo wa kanga.

Nilihesabu naye kimyakimya. Nilikuwa naogopa. Nasema hivyo kwa sababu katika ripoti zangu zote neno hilo halimo. Nilijua ushei hauna huruma: akipata arobaini na tatu na shubiri, ukuta unavunjwa, akipata arobaini na nne pungufu ya kidole, ukuta unavunjwa.

“Arobaini na tatu,” alisema.

Alisogeza kiwiko. Akaunyoosha mkono kadiri ulivyokubali kunyooka, na vidole vilivyokunjika vikabaki vimekunjika, na kidole cha kati kikagusa chokaa ya ukuta mweupe.

“Arobaini na nne.”

Bwana Faki aliinama mwenyewe kutazama. Aliingiza karatasi kati ya kidole na ukuta, haikuingia. Ndipo fundi mmoja, aliyekuwa ameegemea pale kwa uchovu, akanyanyua kichwa haraka.

“Bwana mkaguzi, humu mna mtu. Anafagia.”

Fagio lilisikika wazi.

Bwana Faki alisimama, akakung’uta magoti. “Nje arobaini na nne,” alisema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kujumlisha. “Ndani arobaini na nne. Huyo mtu atakaa wapi?” Mkaguzi alitia sahihi fomu yangu, akamtaka radhi Bi Zuena kwa usumbufu, akaondoka na watu wake. Alikuwa na nyumba nyingine mbili kabla ya magharibi.

Tulibaki wawili. Nilimsaidia Bi Zuena kukaa, nikamletea maji.

“Umebahatika, bibi,” nilisema. “Mkono wako ungekuwa mrefu kidogo tu, wangevunja.”

“Bahati?” Alikunywa, akaweka kikombe chini. “Nilipokuwa msichana mkono wangu ulikuwa sawa na ule wa mlangoni. Wenzangu wakinicheka, wakisema nina mkono wa kiume. Mwaka baba alipojenga ukuta, nilipima kwa siri, nikapata thelathini na nane na ushei, kama weye. Nikajua siku mtakayokuja mtavunja. Basi kila mwaka, Mfungo Sita, nikapima. Miaka mingi hesabu haikusogea. Kisha nikaanza kuzeeka. Arobaini. Arobaini na moja. Vidole vikaanza kukunjika, daktari akanipa dawa ya kuchua, sikuichua. Mwaka jana ilikuwa arobaini na tatu. Ulipobisha hodi leo nilikuwa sijapima bado, nilikuwa nategemea tu.”

Niliutazama ule mkono mdogo uliolala mapajani mwake. Nilifikiri juu ya watu wote wa mji huu waliorefushwa au kufupishwa wafikie fimbo, na juu ya huyu aliyekaa kimya akisubiri mwili wake umalize hesabu. Nilitaka kusema kitu kikubwa. Niliuliza cha kawaida.

“Na mwakani?”

“Mwakani nitazidi kupungua. Ndani itapata arobaini na tano. Sheria yenu inasemaje, nyumba ikizidi ndani kuliko nje?”

Nilitafuta. Nilizipitia zile sentensi tatu mbele na nyuma.

“Haisemi kitu.”

“Basi mwakani mlango nitautoboa mwenyewe,” alisema. “Mimi, si nyie. Hapo nitaingia nimwone, na kama ni mavumbi, nitakuwa nimeyafuata mwenyewe. Nimekwisha kumwambia anisubiri.”

Fagio lilikuwa limenyamaza. Mtoto, wa tatu nadhani, alikuwa anakimbia upande wa pili wa ukuta na mtu anamkataza. Nilifungua fomu iliyotiwa sahihi, jambo lisiloruhusiwa, nikaiweka juu ya goti langu. Kwenye safu ya wakaazi nililikata neno “mmoja” kwa mstari, na kwa mwandiko ule wa wapimaji wote, nikaandika: wawili.